Pipa la Kijani la Nyahanga

Naapa, tena bila kucheka, kwamba haya yote yalitokea; atakayeninasa kwa uongo namchinjia jogoo.

Julai 1994, mtaa wa Nyahanga, Kahama, Koplo Martina alikuta kibanda cha Bibi Mageni, muuza maziwa, kimekuwa majivu. Bibi alikalia ndoo yake.

"Shikamoo, bibi. Pole."

"Marahaba, mwanangu. Pole nitaipokea nikishajua nalala wapi."

Tangu wahamie pale, wasichana wa bweni la ushonaji walikuwa wakigaagaa kwa maumivu ya hedhi kila mwezi. Mtaa ulishaamua: bibi karoga maziwa, na usiku wakamchomea kibanda. Jioni sungusungu wangekaa kumfukuza.

Martina akaenda bwenini. Apolonia, mmoja wa wasichana, alikuwa amejikunja kitandani.

"Maziwa ya bibi mnakunywa wote?"

"Naznin hanywi, afande, yanamtapisha. Na mwezi huu kazimia."

"Nani hana shida?"

"Jinal, analala kwao. Maziwa anatushinda kunywa, ila maji anakuja nayo. Eti ya pipa yananuka shamba la pamba. Tunamwita malkia."

Pipa lilikuwa nyuma ya jiko, kijani, rangi mpya. Martina akaomba msasa. Chini ya rangi likachomoza fuvu na mifupa miwili: pipa la dawa ya kupulizia pamba.

"Nani kawauzia?"

"Donatus, mtunza ghala la dawa. Ndiye aliyetuambia maziwa yamerogwa."

Jioni, kwenye kikao cha sungusungu, Donatus alikuwa katikati ya hotuba Martina alipompa kikombe.

"Kunywa kwanza, kaka, koo lisikauke."

"Maji ya wapi?"

"Ya pipa ulilowauzia mabinti."

Akakiweka chini taratibu. "Nimefunga."

"Na huo muwa unaoutafuna?" akauliza Bibi Mageni. "Umefunga nao?"

Watu wakacheka.

"Mapipa hayo uliagizwa uyatoboe, uyazike," Martina akasema. "Ukayapaka rangi, ukauza."

"Nilimwona akiyaosha lamboni," bibi akasema. "Ndiyo maana alitaka niondoke."

Donatus akaruka ua wa minyaa, akakimbia bila kupumzika hadi Mwadui.

Daktari alimweleza Apolonia kuwa dawa zile zaweza kuvuruga homoni zinazoongoza hedhi. Hakuweza kuapa kwamba kila maumivu yalitoka pipani. "Lakini maumivu ya kukuangusha si ada ya kuwa mwanamke. Rudi tukupime."

Pipa likatobolewa. Sungusungu wale wale wakamjengea bibi nyumba ya bati. Kufikia Krismasi, Apolonia alikaa kwenye cherehani kutwa nzima, hata siku zake zilipofika.

Sasa ni fundi mwenye duka. Nilipomsomea haya hakuinua macho kwenye mshono.

"Babu, Donatus alikamatwa palepale, analia. Mwadui alikimbilia lini?"

Nimemchinjia jogoo. Na firigisi, haki yangu mimi mzee, kachukua yeye.