Aliyefuta Jina la Shangazi

Ilianza na harufu. Gundi mbichi, ile ya kubandikia vitabu, ndani ya ofisi ambayo haijaona kitabu kikibandikwa tangu iwekewe kiyoyozi. Mkutubi Mkuu alinusa chai yake, akanusa tai, akainua mguu anuse na soli. Katibu muhtasi akafungua mlango, akamkuta bosi mzima kasimama kwa mguu mmoja.

"Bosi, umekanyaga nini?"

"Fungua dirisha, wewe!"

Dirisha likafunguliwa. Harufu ikazidi.

Wenye kujifanya wajanja watasema gundi ni gundi tu. Hao hawakumjua Shangazi.

Shangazi, kama alivyoitwa na wote pale kazini, ndiye aliyeanzisha wiki ya maktaba. Si wiki ya siku saba, tuelewane. Ni kurasa za kwenye kompyuta ambazo kila mkutubi, wa makao makuu na wa matawini, anaingia na kuandika anachokijua, mwenzake anaongeza, mwingine anasahihisha: namna ya kukausha vitabu vilivyolowa, namna ya kumnasa msomaji anayechana kurasa akazificha kwenye soksi. Wakutubi ni wachoyo wa maarifa kuliko wapishi, lakini Shangazi aliwabembeleza, akawatania, akawatukana kwa mapenzi, mpaka wakaandika. Na kila ukurasa ulionyesha nani kaandika nini. Jina lake ndilo lililojaa.

Tena Shangazi alikuwa na mwenzake, asiyeonekana kwa macho. Hilo halikuwa siri. Walinong'ona kati ya rafu, wakicheka, na kila jioni alimwachia kopo la gundi wazi, maana ndiyo harufu aliyoipenda huyo mwenzake.

Ikatangazwa tuzo ya kurasa bora. Mkutubi Mkuu akaingiwa na tamaa, akamwita fundi wa kompyuta, akaamuru jina la Shangazi lifutwe kila mahali na lake liwekwe. Shangazi, mgonjwa tayari, akaja kuegemea mlango wake.

"Mdogo wangu, nilikupokea hapa hujui hata kupanga rafu. Nirudishie jina langu tu."

"Mama, hapa hakuna chako."

Shangazi hakulia. Alicheka. "Haya. Mimi nimechoka. Nakuachia mwenzangu."

Haukupita muda mrefu, akazikwa. Ndipo gundi ilipoanza kunuka.

Siku ya tuzo, kabla hajatoka nyumbani, bintiye Mkutubi Mkuu, Kipepeo, alimnyooshea tai. Baba mtu ndiye aliyemfundisha mtoto huyu kusoma, akimpakata, na hapakuwa na kitu duniani alichokipenda zaidi.

"Baba, kweli kurasa zote umeandika peke yako?"

"Peke yangu. Na kombe utalishika wewe kwanza, kabla ya mtu yeyote."

Ukumbi ulifurika. Kurasa zikaonyeshwa ukutani, kubwa kama shuka. Mgeni rasmi alipokuwa anakohoa aanze kusoma, jina la Mkutubi Mkuu likafifia, na la Shangazi likapanda pale pale.

Fundi wa kompyuta akatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. "Bosi, si mimi," akanong'ona. "Nakuapia mama yangu mzazi, si mimi."

"Sogea!"

"Liache, bosi. Mwachie mama wa watu jina lake. Sema ukweli, tunywe soda zetu twende nyumbani."

Mkutubi Mkuu akamsukuma, akaandika jina lake mwenyewe. Vitufe vilimnata vidoleni. Chini ya ukurasa kuna kisanduku cha kuandikia sababu ya badiliko, na humo maneno yakawa yanajiandika yenyewe, polepole: *Unataka jina hili, au vyote vilivyo vyako?*

Akamfikiria Kipepeo. Kisha akatazama macho yote yale, na kombe linavyong'aa mezani. Akabonyeza kuhifadhi.

Makofi yakapigwa.

Akatoka na kombe mkononi, na askari wa getini aliyempigia saluti asubuhi sasa akamwuliza yeye ni nani na hilo kombe kalitoa wapi, na dereva wake akapita na gari taratibu bila kugeuza shingo, na kiti cha nyuma kilikuwa na mtu, suti kama yake, kisogo kama chake, Mkutubi Mkuu akalikimbilia akiita huku gundi ikimjaa puani na kooni, akavuka mitaa, akapoteza kiatu, mpaka akafika kwake, na dirisha la sebule lilikuwa wazi, na humo ndani mkewe alikuwa anacheka kicheko ambacho hajakisikia tangu walipooana.

Akagonga. Kipepeo akafungua.

"Shikamoo," akasema kwa adabu, kama anavyofundishwa kuwaamkia watu asiowajua.

"Kipepeo. Ni mimi, mama. Ni baba. Shika kombe."

Mtoto akarudi nyuma hatua moja. "Baba! Kuna mtu mlangoni, ananuka gundi!"

Ndani mtu akakohoa. Kikohozi chake mwenyewe. Kisha sauti yake mwenyewe, tulivu, ya mtu aliyekwisha kuvua viatu:

"Mwambie hapa hakuna chake."

Mlango ukafungwa. Akataka kulitupa kombe ili augonge kwa mikono miwili, lakini lilikuwa limemganda kiganjani, na halikutoka.