Bado Yumo

Rafiki yangu, fundi wa kompyuta, aliitwa na shangazi yake aokoe sauti ya marehemu mumewe, iliyorekodiwa kwenye kompyuta kuukuu isiyowahi kuonja intaneti. Bila masasisho ya programu aliyoyaleta kwa flashi, kompyuta isingeitambua diski mpya ya kuihamishia sauti hiyo.

Masasisho yaligoma kuingia tena na tena. Chumba kilikuwa giza mchana kweupe; diski ya zamani ilisaga kama meno.

“Shangazi, hii ni kaidi!”

“Imemrithi mwenyewe, mwanangu.”

Hatimaye yakaingia. Alipoiamuru ijiwashe upya, maandishi yakatokea: “Mtumiaji mwingine bado yumo. Ukiendelea, atapoteza kazi yake ambayo haijahifadhiwa.”

“Nani mwingine?” shangazi akanong’ona.

Diski ya zamani ilikuwa inakata roho. Fundi akabonyeza “Endelea”. Skrini ikazimika, msago ukakoma, na mashine haikuwaka tena.

Ila vitufe vya kibodi vilianza kubonyea gizani, kimoja kimoja, bila kidole.