Alama Nyuma ya Kabati

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Jharna aliosha brashi za baba yake kwa mafuta ya taa. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Baba yake, Motaleb, alichora maua na tausi kwenye migongo ya riksho, zile baiskeli za magurudumu matatu za kubeba abiria, na mji mzima wa Bhatipur uliujua wekundu wa rangi yake. Aliuchanganya mwenyewe, wala hakumwambia mtu siri yake.

Mtaa wetu wa Riksho na Mtaa wa Wahunzi imetenganishwa na mtaro mmoja. Siku za kawaida tulirushiana matusi juu yake. Siku za mvua tulirushiana mawe, maana kila upande ulipanga viroba vya mchanga ukingoni ili maji yawaendee wenzao. Mwaka uliopita yaliingia kote. Bibi yake Jharna, asiyeweza kutembea, alilala saa nzima godoro likinywa maji, akiita bila kusikiwa, kwa sababu watu wazima wote walikuwa mtaroni wakipasuana vichwa. Tangu siku hiyo alitetemeka kila akisikia ngurumo. Jharna alimshika mkono na kuichukia mvua kwa moyo wake wote.

Siku tatu baada ya Idi, mwalimu aliingia darasani na mgeni, Dada Nilufar, aliyeshika futikamba.

“Ninyi mnafanya mitihani,” alisema Dada Nilufar. “Na miji hufanya. Hali ya hewa imebadilika, mvua zimekuwa kali. Mji wenu umeandika mpango wa kujikinga, nami nimetumwa kuusahihisha. Swali la kwanza ni hili: mpango unajua maji yalifika wapi?”

“Yalifika kila mahali, dada,” alisema mtoto mmoja wa nyuma, na darasa likacheka.

“Basi sifuri. Kila mahali si jibu. Mwaka huu pampu ni moja, na itawekwa upande uliozama zaidi. Kesho nitapima alama za maji kwenye kuta zenu.”

Tatizo ni kwamba alama hazikuwapo. Kwetu Idi bila chokaa mpya si Idi. Wiki iliyotangulia tulikuwa tumezipaka nyumba zote, mitaa yote miwili, zikawa nyeupe pepepe. Tulifurahia weupe wetu na tambi zetu za maziwa, na hakuna aliyekumbuka kwamba tulikuwa tunafuta ushahidi.

Alasiri ile, baba yake alipokwenda msikitini, Jharna alichukua kopo la rangi nyekundu. Alichora mstari kwenye ukuta wa nje wa nyumba yao, usawa wa kifua chake. Alijua vizuri kwamba maji yalifika magotini tu. Alijiambia anamwokoa bibi, akaosha brashi na kwenda kumpikia chai.

Asubuhi Dada Nilufar aliupima mstari ule na kuandika. Wahunzi walikuwa wamevuka mtaro kuja kutazama. Kalam, mhunzi mwenye mikono minene kama magogo, aliugusa ukuta, akakiinua kidole chake chekundu watu wote wakione.

“Jamani, maji ya mwaka jana bado mabichi,” alisema. “Na wekundu huu naujua. Motaleb, unatuibia pampu mchana kweupe?”

“Naapa kwa wanangu, Kalam, sina habari na mstari huu.”

“Waache wanao. Usiwabebeshe uongo wako.”

Ngumi ilimpata Motaleb mdomoni. Kijana wa upande wetu akajibu kwa tofali, na hapo mambo yakaharibika. Nondo zikatoka, riksho mbili zikapinduliwa, mzee mmoja akavunjwa kidole. Dada Nilufar aliwasihi waache, lakini alisukumwa akaanguka. Kalam alikuwa amemkaba Motaleb ukutani, chini ya mstari ule ule, akimpiga. Motaleb alirudia maneno yale yale: hajui, hajui. Damu yake ilichafua chokaa ya Idi.

Jharna alitaka kukimbia. Miguu ilimpeleka kwenye riksho iliyobaki wima, akapanda kitini na kupiga kengele bila kuiachia. Kwetu kengele isiyonyamaza ina maana moja: mtu amegongwa. Mmoja mmoja, watu wakageuka.

“Ni mimi,” alisema. “Baba hajui. Kwetu maji yalifika magotini. Nilidanganya mimi.”

Motaleb alimtazama mwanawe. Mtazamo ule ulimuuma Jharna kuliko fimbo.

Kalam alimwachia taratibu. “Na sasa ukweli tutauona wapi? Wote umepakwa chokaa.”

“Nyuma ya kabati,” ilisema sauti kutoka ndani. Alikuwa bibi, kitandani kwake. “Hakuna mwanamume wa mji huu aliyewahi kusogeza kabati ili apake chokaa. Miaka arobaini nawaangalia mnavyolizunguka, wavivu ninyi.”

Watu wanne, wawili wa kila upande, walilisukuma kabati. Nyuma yake ukuta ulikuwa wa zamani, na mstari wa tope la kahawia ulipita usawa wa magoti ya Jharna. Wakavuka mtaro hadi kwa Kalam, wakasogeza kabati lake. Pale tope lilifika kifuani pa Jharna, sawasawa na ule mstari wake wa uongo.

Pampu ilikwenda kwa wahunzi. Dada Nilufar aliandika sharti moja katika mpango: viroba vyote viondolewe, ili mtaro uwe wa wote. Mvua kubwa ya kwanza iliponyesha, kwetu maji yalilowesha vizingiti tu.

Siku iliyofuata Kalam alikuja na miguu minne mirefu ya chuma, akaifunga kwenye kitanda cha bibi. “Jino lako siwezi kulirudisha,” alimwambia Motaleb bila kumtazama. “Nilimpiga mtu asiye na kosa.”

Alipoondoka, Motaleb alimpa Jharna brashi na rangi, akamwambia achore tena ukutani, safari hii magotini.

“Ulimpenda bibi yako, hilo silikatai,” alisema, maneno yakitoka na mluzi kwenye pengo la jino. “Lakini maji hayasomi mistari yetu. Yatarudi pale pale yalipofika. Ukiwaambia watu yalifika kifuani kwetu, yule ambaye kweli yalifika kifuani kwake hatapata ulinzi, naye atazama. Hata ukiogopa, mwanangu, sema yalipofika.”

Jharna alichora. Kila Idi bado tunapaka chokaa, na mstari ule tunauzunguka. Kabati nalo tunalizunguka kama zamani.