Wa Mwisho Hufunga Geti

Rangi ilikuwa mbichi. Riek aliigusa, akakitazama kidole chake: njano tupu. Akakinusa. Hakikunuka rangi. Kilinuka tope, lile tope jeusi la chini ya mto linaloonekana kiangazi maji yakipungua. Na alama ile aliipaka mwenyewe siku tisa zilizopita, kwenye nguzo ya juu ya tuta, mchana kweupe na upepo wa kukausha.

"Umande huo," akajisemea, maana mtu lazima ajiambie kitu. Akafuta kidole kwenye suruali, akaendelea na safari yake.

Kazi ya Riek Nijland ilikuwa ya kujitolea, haina mshahara wala shukrani. Mara mbili kwa mwaka alitembea njia nzima, kilomita saba, na makopo mawili ya rangi: mstari wa njano juu, mwekundu chini. Njia ilitoka kijijini, ikapanda tuta, ikashuka kwenye uwanda ambao mto IJssel huumeza kila majira ya baridi, ikaingia bustani ya kasri la Hagevoorde kwa geti la mtoni, ikatokea upande wa pili na kurudi kijijini. Wengine waliitembea Jumapili kwa kujifurahisha, mkate wa jibini mfukoni. Kwa Riek njia ile ndiyo iliyokuwa ikimrudishia mume.

Kumbukumbu za Evert zilikuwa zinamtoka mojamoja. Alisahau mwaka, akasahau jina la binti yao, na tangu kiangazi alimwita Riek "mama" kwa adabu zote, kama mteja anayesubiri kuhudumiwa. Lakini mwonyeshe alama! Alama alizifuata moja hadi nyingine, na kila siku saa tisa alasiri alirudi mzima, mashavu mekundu, njaa inamuuma. Lianne, binti yao, alishasema bila kupepesa macho: siku baba atakapopotea, mara moja tu, anakwenda nyumba ya wazee. Riek alimwogopa binti yake kuliko alivyoogopa kifo. Ndiyo maana rangi yake haikuwahi kufifia.

Kitu cha pili ambacho Evert hakukisahau ni mageti. Alikuwa mtoto wa mfugaji, na kofi pekee alilopigwa na baba yake lilikuwa la geti aliloliacha wazi, ng'ombe wakahamia shamba la jirani. Tangu hapo kila geti alilopita alilifunga. "Wa mwisho hufunga," alikuwa akisema, hata akiwa peke yake. Riek naye kalelewa hivyohivyo. Watu wote wa kandokando ya mto ule wamelelewa hivyo, na balaa lote lilianzia hapo.

Kwa sababu siku ile ya kupaka rangi, tarehe mosi Novemba, Riek alilikuta geti la mtoni limefunguliwa hadi mwisho na kukazwa ukutani kwa waya mnene, likae wazi. Na kondoo wanakula majani hatua ishirini kutoka hapo!

"Uzembe gani huu, jamani," akasema. Akaufungua waya, akautundika kwenye msumari, akalifunga geti. Klak. Akaenda zake akijisifu moyoni.

Sasa basi, alasiri ya siku ile aliyogusa rangi mbichi, saa tisa ilifika na Evert hakufika. Saa kumi ikapita. Riek alikuwa ameshavaa koti, simu mkononi, anajiuliza ampigie Lianne au asimpigie, mlango ulipofunguka. Evert aliingia na suruali imelowa hadi magotini.

"Evert! Umetoka wapi na maji yote haya?"

"Nilikuwa na yule bwana."

"Bwana gani?"

"Yule mrefu." Alivua buti, akalimimina maji kwenye ndoo ya kuwekea miavuli, hana wasiwasi. "Maskini, kapotea kabisa. Anatafuta njia ya kurudi mtoni. Nikampeleka pale ng'ombe wanaponywea, nikaingia mwenyewe nimwonyeshe. Akakataa katakata. Anataka apite kulekule alikopitia."

"Kakwambia hivyo kwa mdomo wake?"

Evert akafikiri, kipaji cha uso kikajikunja. "Hapana, hana..." Akaacha. "Sasa mimi nilijuaje?" Akacheka, akaomba biskuti. "Usijali, mama. Nimemwambia mke wangu ndiye mwenye njia. Nimemwambia afuate alama tu, atafika."

Usiku wa siku hiyo ukapita salama, sitaki nikudanganye. Yaliyotisha yalikuja mchana. Ukungu ulishuka ukakaa, mweupe, mzito. Siku ya kwanza alama iliyolowa ilikuwa ile ya chini ya tuta, upande wa kijiji. Siku ya pili ikawa ile ya ukuta wa duka la mikate. Siku ya tatu Riek alitoka kuchukua gazeti, akaona nguzo ya taa iliyo mkabala na nyumba yao inachuruzika, njano na nyekundu zimechanganyika zinatiririka hadi chini, na alipokuwa bado ameduwaa pale na gazeti mkononi, harufu ya tope ikamjia usoni, na ndani ya ukungu, upande wa barabara, akasikia mtu anatembea na mabuti yaliyojaa maji, chwap, chwap, anakwenda hadi mwisho wa uzio wao, anageuka, anarudi, anasimama mbele ya geti lao dogo lililofungwa, na hapo anangoja, bila kukohoa, bila kupumua, kama mgeni asiyetaka kusumbua.

Riek aliingia ndani, akafunga mlango. Evert alikuwa dirishani anapunga mkono.

"Si nilikwambia?" alisema. "Kafika."

Apite kulekule alikopitia: Riek akakumbuka waya wa geti la mtoni. Alimtia mumewe kwenye gari kwa mlango wa gereji, akaendesha hadi Hagevoorde. Mtunza bustani wa pale, mwanamke wa makamo aitwaye Dieuwke, alikuwa anaifunika miti ya tini kwa majani makavu dhidi ya baridi. Riek hakusalimia.

"Geti la mtoni. Nililifunga mimi."

Dieuwke aliangusha uma wa majani. Alitazama gari, akamwona Evert ndani na mkanda wake wa usalama, akasogea karibu akanong'ona. "Lini?"

"Tarehe mosi."

"Mungu wangu. Karibu wiki mbili! Nikadhani lipo wazi, sijashuka huko, mgongo unaniua." Akajifuta mikono kwenye aproni. "Bi Riek, sikiliza, na usinicheke. Aliyenitangulia kazi hii aliniachia agizo moja tu. Kuanzia Novemba hadi maji yapungue, geti lile likae wazi. Yule hupanda na ukungu, huzunguka kidimbwi cha zamani, hurudi zake mtoni. Hana ubaya na mtu. Lakini kilichofungwa na mkono wa binadamu hawezi kukifungua. Akifungiwa nchi kavu hutafuta mtu wa kumpeleka. Na akimpata, hamrudishi."

"Sasa kwa nini hukuweka kibao?"

"Niandike nini? 'Tafadhali acha wazi, jini anapita'? Bodi ya kasri wangenifukuza kabla ya chakula cha mchana!"

Hawakucheka hata mmoja.

"Tufanyeje?" Riek aliuliza. "Ameshamwingiza Evert majini hadi magotini. Kesho itakuwa shingoni."

"Anzia pale alipofikia. Tangulia mbele, rudi na alama zako kinyume hadi getini, naye atafuata. Usigeuke nyuma hata ukiitwa. Lifungue, likaze na waya, ondoka. Usingoje kumwona anatoka, mbele ya mtu hatoki. Giza likiingia atakuwa amekwenda."

Saa saba na nusu waliondoka nyumbani, Riek na Evert, wameshikana mikono, maana kumwacha peke yake ilikuwa haiwezekani. Riek alifungua geti lao dogo huku akiangalia chini. Evert akalifunga. Wakaanza kutembea.

Chwap, ikasikika nyuma yao. Chwap.

"Mwambie karibu," Evert alisema.

"Nyamaza, mpenzi. Tazama alama."

Wakapita duka la mikate, wakapanda tuta, wakashuka uwandani, na kila hatua nyayo zile zilikuwa nyuma yao umbali uleule, wakiharakisha zinaharakisha, wakisimama Evert apumue nazo zinasimama, na ukungu ulikuwa umefuta mto, umefuta kondoo, umefuta minara ya kasri, pamebaki majani yaliyolowa na nguzo moja baada ya nyingine yenye mistari inayochuruzika, na harufu ilikuwa imewatangulia hata mbele, puani, kooni, hadi Riek akawa anaonja tope kwenye ulimi, na shingo yake ilimuuma kwa hamu ya kugeuka, na mara moja, karibu na majani marefu, sauti kama ya mama yake aliyezikwa miaka thelathini iliyopita ilimwita kwa upole kabisa, Riekje, lakini hakugeuka, aliubana mkono wa Evert hadi mzee akalalamika, akaenda, akaenda, hadi matofali ya ukuta wa bustani yakatokea ghafla mbele ya pua yake.

Geti. Alilisukuma likagota ukutani, akautoa waya kwenye msumari, akalikaza, mara tatu, mara nne. Ndani, ua wa miti iliyopogolewa ulisimama kimya kando ya maji meusi ya kidimbwi. Nyuma yake hakuna kilichosogea.

"Haya, imekwisha," alisema, machozi yanamtoka. "Twende nyumbani."

Wakaingia bustanini, wakashika njia ya kutokea upande wa pili. Hatua kumi tu Evert akautoa mkono wake.

"Glavu yangu! Nimeangusha glavu."

Riek alifumba macho. Usigeuke, alikuwa ameambiwa, na alikuwa ametoka mbali mno kukosea sasa. Akahesabu pumzi zake kwa sauti, asisikie chochote cha kumwita. Ya thelathini haijafika, mkono wa Evert ukarudi kwenye wake, umelowa kidogo, baridi, lakini ni wake, na pete yake ipo. Wakaenda. Riek hakusikia chwap hata moja nyuma yao. Aliimba nyimbo za shule kwa sauti njia nzima, na Evert, ambaye hakumbuki siku ya wiki, alijua maneno yote.

Nyumbani alipasha moto supu ya njegere ya tangu jana. Dirishani giza lilikuwa linaingia. Alifikiri: atakuwa amekwenda sasa. Alifikiri: Evert nabaki naye, Lianne hana haja ya kujua. Alikuwa na furaha, Riek. Alikata soseji vipande vikubwa.

Evert alikuwa anatoa vitu mifukoni na kuvipanga mezani, kama alivyofanya kila siku. Leso. Glavu, zote mbili. Jani la kidimbwini. Waya mnene, uliokunjwa vizuri.

Kisu kilisimama mkononi mwa Riek.

"Utaamini?" Evert alisema. "Kuna mtu kaacha geti wazi, kalikaza kabisa. Na kondoo wale pale! Nimelifunga."

"Evert. Yule bwana alikuwa ameshapita?"

"Apite wapi? Alikuwa amesimama na mimi, ananisubiri. Nikamwambia twende nyumbani basi, mke wangu anapika."

Riek alichungulia dirishani. Geti lao dogo, ambalo mumewe hajawahi kuliacha wazi kwa miaka arobaini na mbili, lilikuwa wazi hadi mwisho.

"Na letu? Letu kwa nini hukulifunga?"

"Aa, mama! Nimfungie mtu usoni? Alikuwa nyuma yangu." Evert alimtazama kwa huruma, kama ndiye aliyeanza kusahau. "Nimemfundisha. Wa mwisho hufunga."

Nje, taratibu, kwa adabu: klak.

Riek aliruka mlangoni, akazungusha ufunguo mara mbili, akauficha kifuani, akauegemea mlango kwa mgongo wake wote. Harufu ilikuwa tayari inapita chini ya mlango. Upande wa pili, kwenye zulia la kufutia miguu, mtu alikuwa anafuta viatu, mguu huu, mguu ule, mguu huu, mguu ule, kwa muda mrefu sana.

Evert aliinuka mezani. Alivaa koti, akafunga vifungo vyote bila kukosea hata kimoja, akaja akamshika mkewe bega.

"Nipishe, Riek," alisema. Jina lile hakuwa amelitamka tangu kiangazi. "Namsindikiza mpaka mtoni tu, halafu narudi. Alama si zipo?"