Taa ya Pili ya Tela

Nadjati alizoea wateja wa kila namna pale soko la Volo Volo, lakini mtu wa kupima bakuli kwa jua hakuwa amemwona. Kijana yule alisimama mbele ya meza yake ya vyombo vya plastiki, ovaroli limelowa mafuta ya gari, akanyanyua bakuli jekundu juu ya kichwa na kufumba jicho moja. Akalirudisha. Akachukua jingine, jembamba zaidi, akalitazama vilevile.

"Kaka, hilo ni la wali," Nadjati akamwambia. "Kama unatafuta miwani, wauzaji wako upande ule."

"Sitaki la wali, bibie. Nataka la taa."

"Taa gani hiyo?"

"Za nyuma, za tela. Vioo vyake vimevunjika na sijapata vingine mji mzima. Hili nikilikata katikati, napata viwili."

"Wewe ni mtu wa Mutsamudu."

"Umejuaje?"

"Maneno yako yanapanda na kushuka kama ngazi za vichochoro vyenu."

Kijana akacheka. Akaliinua tena bakuli, safari hii akamtazama Nadjati kupitia humo: leso yake ya maua, liwa iliyomkauka mashavuni, na tabasamu alilojaribu kulificha. "Sasa umekuwa mwekundu wote," akasema.

"Lipa uende zako!"

Akalipa, ila hakwenda zake. Aliitwa Chaehoi, fundi wa magari, na mpaka adhuhuri alikuwa angali pale anahadithia habari za tela lake kama mtu anayesifu mchumba. Nadjati alijisifu siku zote kwamba yeye si mwepesi kwa wanaume. Jioni ile alirudi kwao Mvouni, kijiji cha juu ya mji wa Moroni, akiimba.

Ilikuwa miaka ya mamluki, Wazungu waliotua ufukweni mwaka wa sabini na nane wakaipindua serikali, kisha wakabaki kumlinda rais waliyemweka. Watu wa Moroni walijifunza kuzungumza kwa sauti ya chini na kutotazama sana magari ya kambini. Hata hivyo watu walipendana na kuposana, maana moyo hausubiri serikali nzuri.

Tela lenyewe Chaehoi alikuwa amelinunua kwa bei ya kutupa kwa Ridjali, muuza vyuma chakavu. Lilikuwa gofu. Kutu ilikuwa imelila, mbao za sakafu zimeoza, gurudumu moja limekwama halizunguki. Naye alipanga chumba kisicho na uwanja. Kwao Nadjati uwanja ulikuwepo, na ndani yake ilisimama gari, Renault ya marehemu baba yake, nzima lakini haina kazi.

Mama Zaharia, mamake Nadjati, alimkagua kijana kuanzia kofia mpaka viatu. "Gari ni la marehemu, tela ni lako," akasema. "Vikifungwa pamoja, riziki itakuwa ya nani?"

"Ya nyumba hii, mama, nikikubaliwa."

Jibu lilimpendeza. Saïndou, mjomba wa Nadjati, akaipokea posa, na ndoa ikawekwa baada ya mwezi wa Maulidi. Katika visiwa vile nyumba ni ya mwanamke, na mume ndiye anayehamia. Huingia na vitu vyake watu wakiona, na siku vitu vikitoka, hakuna haja ya kumwita kadhi aje aeleze kwamba ndoa imekwisha. Kwa hiyo sanduku la zana la Chaehoi lilipowekwa kando ya mlango wa Mama Zaharia, Mvouni yote ilianza kumwita shemeji.

Alifanya kazi kila alasiri. Alikwangua kutu kwa brashi ya waya mpaka nyusi zake zikawa nyekundu. Akang'oa mbao mbovu, akachomelea palipotoboka, akabadilisha beringi na kuzipakaza grisi. Nadjati alishika msasa siku za Ijumaa, vidole vikamchubuka, na hakukubali kupumzika.

"Utaharibu mikono ya bi harusi," Chaehoi akamtania.

"Siku hiyo nitapaka hina. Wewe utapaka nini kwenye hizo nyusi?"

Rangi aliichagua Nadjati, buluu ileile ya mlango wa mama yake. Bakuli walilikata kwa msumeno wa chuma. Nusu moja Chaehoi aliifunga kwenye taa ya kulia, akawasha, na nuru nyekundu ikamwagika kwenye magoti yao.

"Na hii?" Nadjati akauliza, ameishika nusu ya pili.

"Itunze wewe, roho yangu. Taa ya pili tutaifunga pamoja, siku tukilifunga tela kwenye gari. Bado ndoano ya kuvutia tu."

Keshoye Nadjati alichelewa sokoni, akarudi akamkuta Chaehoi ameinama mbele ya tela, brashi ya waya mkononi. Alimwuliza kama anaumwa. Akajibu kwamba amechoka, akaondoka bila kunywa chai. Siku iliyofuata Nadjati alitoka kwenda sokoni kabla ya alfajiri. Aliporudi na mzigo wake kichwani, Renault ilikuwa palepale, na mahali pa tela palikuwa na doa la grisi tu. Akatazama kando ya mlango. Sanduku la zana halikuwepo.

Jirani yao Djaouharia alikuwa ukutani akimsubiri. "Pole, mwanangu. Ameondoka alfajiri, wanaume wakiwa msikitini. Alilivuta mwenyewe kuteremka barabara. Na vitu vyake vyote."

Nadjati aliutua mzigo polepole. Hakulia mbele ya Djaouharia, ila alipoingia ndani aliuma kanga asisikike.

Simu ilikuja wiki ile ile, dukani kwa Moindjié.

"Allo? Nadjati, mpenzi wangu?"

"Uko wapi?"

"Mutsamudu. Nisikilize. Siwezi kueleza kwenye simu."

"Basi usieleze."

"Niamini tu, nakuomba. Kuna siku utajua."

"Chaehoi, mtu anayetaka kurudi huacha hata kandambili mlangoni. Wewe umetoa vyote."

"Simu ina masikio, Nadjati."

"Na mimi nina macho. Mwanamume aliyetoa vitu vyake hana la kuuliza nyumba ile." Akakata.

Alipiga tena, na tena. Nadjati alimwambia Moindjié aseme hayupo, naye mwenyewe alikuwa amesimama kando ya simu, karibu kiasi cha kusikia pumzi ya Chaehoi upande wa pili. Mwezi wa Maulidi ukapita. Mjomba Saïndou akairudisha posa kwa aibu, na simu zikakoma.

Ramadhani ilipokwisha, gari la kambini lilipanda Mvouni. Akashuka Mzungu mwenye miwani myeusi na askari wawili vijana wa hapahapa. Ridjali alikuwa amekamatwa. Alikuwa akinunua vyuma vya wizi kutoka kambini, na katika kupigwa alitaja tela, na uwanja wa mjane wa Mvouni.

"Lina namba zetu kwenye chuma cha mbele," askari mmoja akatafsiri. "Liko wapi? Nani alilileta?"

"Nadjati, niletee Msahafu," Mama Zaharia akasema. Ukaletwa. Akauwekea mkono. "Wallahi, fundi mmoja alilileta hapa kulitengeneza, akaondoka nalo. Lilikotoka sijui. Lilikokwenda sijui. Namba sikuziona."

Askari akamtazama mama yule, akautazama Msahafu, akamgeukia Mzungu. Maneno aliyomwambia hawakuyasikia, lakini yalikuwa mengi, na mwisho wake Mzungu alirudi garini.

Vumbi lilipotulia, Mama Zaharia alikaa kizingitini, Msahafu mapajani. "Angetuambia," akanong'ona, "leo ningeapa nini?"

Ndipo Nadjati alipoelewa ile chai isiyonywewa, na ile simu yenye masikio. Yule mtu alikuwa amewaachia kutojua, ndicho kitu pekee ambacho kingewaokoa, na yeye alimkatia simu.

Alikwea meli ya kwanza aliyoipata ya kwenda kisiwani kwa kina Chaehoi, amevaa leso yake ya maua, ile nusu ya bakuli ndani ya mkoba. Bandarini Mutsamudu akamwuliza mpakuzi mmoja.

"Chaehoi fundi? Yuko kwa Anziza, kichochoro cha pili juu ya ngazi."

Kwa Anziza. Alisikia vizuri, na miguu ikaendelea kupanda. Alipofika, kabla ya kubisha hodi, aliliona sanduku la zana kando ya mlango.

Aliyefungua alikuwa mwanamke mdogo, amejifunga shuka jekundu la shiromani, uso mpole. "Karibu, dada, umetoka mbali?" Akampa maji kwa mikono miwili. Chaehoi akatokea nyuma yake na kusimama. Amekonda.

"Ni mtu wa Mvouni," akamwambia mkewe. "Walinistahi sana. Nitamsindikiza bandarini."

Waliteremka ngazi, mmoja nyuma ya mwingine, mpaka bandari ikaonekana.

"Walikuja?" Chaehoi akauliza hatimaye.

"Walikuja. Mama aliapa, wakaondoka."

"Alhamdulillahi." Akafunika uso kwa kiganja. "Nilikuwa nakwangua mahali pa ndoano, namba zikatokea. Mama yako haapi uongo, namjua. Ningewaambia, mngekufa na ukweli wangu. Na ningebaki, wangenikuta kwenu."

"Tela uliliweka wapi?"

"Liko baharini, chini ya miamba myeusi. Nililisukuma mwenyewe."

"Na rangi yetu?"

"Na rangi yetu."

Nadjati akatazama meli. "Uliingia lini kwa Anziza?"

"Ni mwezi wa tatu huu. Mama yangu aliugua, akataka anione nimeingia nyumbani mwa mtu kabla hajafa. Nawe ulikuwa umeshasema lako. Mama amekufa." Akamshika kiwiko, akamwachia. "Nadjati, dini inaniruhusu. Nitakuja Mvouni, nitaanza upya kwa mjomba."

"Inakuruhusu wewe. Yule amenipa maji kwa mikono miwili, Chaehoi. Siwezi kumlipa hivyo."

Akatoa ile nusu ya bakuli, akampa. Chaehoi akaiinua kwenye jua, akafumba jicho moja, kama siku ile ya Volo Volo. Hakuona kitu, kwa maana jicho la pili lilikuwa limejaa machozi.

"Ungeacha kandambili," Nadjati akasema. "Kandambili tu, ningekungoja mpaka nizeeke."

"Sikufikiri. Nilibeba kila kitu wasije wakakuta hata alama yangu."

Honi ya meli ikalia. Chaehoi akamrudishia ile nusu, na Nadjati akapanda.

Mvouni, Mama Zaharia alikuwa jikoni. "Umempata?"

"Nimempata, mama. Vitu vyake viko kwa watu."

Mama Zaharia alimpakulia wali, akamwekea mbele, akakaa ubavuni mwake mpaka wali ukapoa bila ya kuguswa.