Vifaranga Chini ya Cherehani

Fundi akifungua chumba chake cha kushonea, vifaranga sita wa bata walimfuata unyounyo. Akienda bombani, nao bombani. Akienda chooni, walimlilia mlangoni.

"Makubwa haya! Wifi, umejifungua lini mabata?" dada ya mumewe alimtania.

Fundi alicheka, tena kwa majivuno. Mama yake mzazi alipofariki alimwachia bata mmoja tu. Bata huyo aliuawa na mbwa akiwa anaatamia. Fundi aliyaokota mayai, akayapasha joto kwa taa ndani ya boksi. Yalipopasuka, yeye ndiye aliyekuwa ameinama juu yake. Mbegu ya bata wa mama ilikuwa imepona. Aliona kama mama mwenyewe bado yumo nyumbani.

Lakini cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga, na vifaranga walipenda kulala miguuni pake. Siku moja alisikia kimlio chini ya kanyagio. Aliinama, akaona kifaranga mmoja amepondwa, akapiga ukunga.

Akawafungia uani. Huko walilia kutwa nzima, hawakula. Mmoja alinasa chini ya mlango akimtafuta, akafa. Wengine wawili walidhoofika, wakafa. Alipowarudisha ndani, kanyagio likampata mwingine. Wiki ya pili haijaisha, alibaki mmoja.

Dada wa mifugo, anayepita mitaani akichanja kuku, alikuja kuchukua koti lake la kazi. Alimkuta Fundi amelaza kichwa juu ya cherehani.

"Nimewaua kwa mguu wangu mwenyewe," Fundi alisema. "Nimekosea wapi, dada?"

"Pole sana, mama. Kifaranga wa bata, siku ile ya kwanza au ya pili, hushikamana na kile anachokiona kikitembea karibu naye. Hicho ndicho mama yake. Hawa walikuona wewe."

"Nikimfukuza huyu?"

"Atakufuata tu. Kwake yeye, bata ni wewe."

Wifi, aliyekuwa amesimama mlangoni, alitaka kucheka, akajizuia.

"Basi mbegu ya mama imekwisha," Fundi alisema. Alilia bila kuficha uso.

"Haijaisha. Mzungushie waya hapo mlangoni, akuone lakini asifike kwenye kanyagio. Akikua, mchanganye na bata wa jirani. Akitaga, usirudie mambo ya taa. Mayai mwekee kuku anayeatamia. Wakianguliwa, weka chakula na maji, kisha ondoka. Usiwashike, usiwaite."

"Nisiwaite hata kidogo?"

"Hata kidogo, mama."

Fundi alifanya hivyo. Bata yule alikua, akataga. Kuku wa wifi aliatamia mayai hayo karibu mwezi mzima. Asubuhi moja alitoka na vifaranga saba, wote wazima, wakimfuata hadi kwenye maji.

Fundi alijisahau. Aliinama, akanyoosha mkono. Vifaranga walitimua mbio, wakajificha chini ya kuku.

"Wamenikimbia, wifi."

"Si ndivyo ulivyotaka?"

"Ndivyo." Alifuta macho kwa pindo la gauni. "Hawa wataishi."

Ndani, yule bata mkubwa alikuwa akimlilia kwenye waya. Fundi aliingia, akakaa chini karibu naye. Hakugusa cherehani mpaka bata aliponyamaza.