Ukweli wa Jumatano

Siku ya kwanza ya muhula chumba cha fotokopi kilijaa wahadhiri mpaka mlangoni. Mashine zilikuwa mbili, moja mbovu. Mwalimu wa takwimu, ambaye wanafunzi walimwita Mama Grafu ingawa hakuwa na mtoto, alikuwa amepanga foleni dakika arobaini, na mkono wa gauni lake la bluu ulikuwa umeshapata doa la wino. Mara mtu akamgonga kwa nyuma, karatasi zikatapakaa sakafuni.

"Samahani, dada. Ni hili koti, lina mabega mapana kuliko mwenyewe."

Alikuwa mwalimu wa historia. Koti lake la kahawia lenye viraka vya viwiko lilimpa jina la Babu Koti, na hata miaka arobaini na mitano hakuwa ameifikisha. Wakachuchumaa kuokota.

"Maswali sitini kwa wiki?" alisema akisoma. "Hawa watoto walikukosea nini?"

"Hawasomi wasiposukumwa."

"Au hawaelewi?"

Mama Grafu alimkazia macho. "Wewe umewahi kuniona nikifundisha?"

"Bado. Nikaribishe."

Hapo ndipo Babu Koti alipomweleza habari za kikundi chao. Walikuwa wahadhiri watano wa idara mbalimbali. Kila mmoja huingia kwenye kipindi cha mwenzake, hukaa nyuma kimya, kisha Jumatano mchana hukutana na kuambiana ukweli. Sheria ilikuwa moja: la ndani halitoki nje.

Mama Grafu alikubali, ila si kwa ajili ya ufundishaji. Tangu mumewe afariki, miaka sita iliyopita, alikuwa akila chakula cha mchana ofisini, mlango umefungwa. Jumatano ingempa watu wa kukaa nao.

Ukweli wake wa kwanza aliupata kwa Babu Koti. "Unaongea na ubao, mwenzangu. Nimehesabu. Dakika ishirini na mbili hukugeuka."

Alinuna siku mbili. Siku ya tatu aligeuka, akawaambia wanafunzi wakusanye takwimu za usingizi wao wenyewe, na darasa zima likawaka kwa ubishi. Akatoka mbio kumpigia simu.

"Wamegombania wastani! Wastani, Babu Koti!"

"Mimi kwangu wamelala. Na wewe umekula?"

"Nimekula mkate."

"Huko ni kula au kujidanganya? Shuka, nakusubiri kantini."

Simu zikawa kila siku, na jina la Babu Koti likageuka mpenzi bila yeyote kujua lini. Mkewe alikuwa amemwacha zamani, na nyumba yake ilikuwa na vitabu vingi kuliko sauti. Naye alikuwa na njaa ya mtu wa kumsimulia siku ilivyokwenda.

Mwisho wa muhula mkataba wa Mama Grafu ulipitiwa, iamuliwe kama ataajiriwa kudumu. Mkuu wa idara yake alimsomea faili bila kuinua kichwa. "Huongea na ubao. Wanafunzi hawamwelewi."

"Nani kasema?"

"Rafiki yako wa historia, kwa mdomo wake."

Nafasi ya kudumu akapewa mwingine. Mama Grafu alimpigia Babu Koti akiwa bado kwenye ngazi.

"Ulimwambia mkuu wangu kwamba naongea na ubao?"

"Tulikutana kwenye korido. Nilimweleza ulivyokuwa, ili ajue ulivyobadilika. Nilikuwa nakusifia, mpenzi."

"Ameandika nusu ya kwanza."

"Nitamwendea sasa hivi..."

"Mle kikundini niliwaonyesha udhaifu wangu wote. Wewe ukaenda kuuanika kwenye korido. Usinipigie tena."

Babu Koti alimwendea mkuu, akaandika na barua. Akajibiwa kwamba uamuzi umeshapita. Jumatano alikiri mbele ya kikundi alichofanya, na hakuna aliyempoza. Alimpigia Mama Grafu kila jioni kwa majuma matatu, simu ikaita mpaka ikachoka. Kisha akaacha. Jioni ya kwanza ambayo simu haikuita, Mama Grafu aliiangalia mezani kwa muda mrefu, akaongeza sauti ya mlio, akakaa.

Alipata kazi chuo kingine, mwendo wa saa tisa kwa gari. Siku ya kufungasha vitabu, mlango ukagongwa.

"Sikuja kujitetea," Babu Koti alisema. "Nilivunja sheria, na wewe ndiye uliyeumia."

"Najua hukukusudia. Nilijua tangu wiki ya pili."

"Mbona hukupokea?"

Alipanga vitabu viwili zaidi ndani ya boksi. "Hasira nilikuwa naiweza. Kukuhitaji nilikuwa siwezi."

"Basi tuoane. Usiende."

"Nikikujibu leo, sitajua kama nimekupenda wewe au nimeogopa kuondoka peke yangu. Niache niende."

Alimbebea maboksi mpaka kwenye gari. Hawakukumbatiana, maana wote wawili waliogopa kutoachana.

Chuo kipya hakikuwa na kikundi. Mama Grafu alipowauliza wenzake kama kuna atakayekuja kukaa nyuma ya darasa lake, waliangalia sahani zao. Hata hivyo aliomba chumba, akapanga viti vitano duara, akangoja saa nzima. Kisha akapiga simu.

"Hakuja mtu," alisema.

Babu Koti alivuta pumzi kusikia sauti ile. "Wiki ijayo je?"

"Nitafungua tena. Nimeshajua naweza kukaa peke yangu kwenye chumba hiki. Sipendi, lakini naweza. Likizo yako inaanza lini?"

"Ijumaa."

"Njoo. Lile swali lako nataka kulijibu uso kwa uso."

"Na jibu likiwa hapana?"

"Ningekusafirisha saa tisa nzima uje kusikia hapana? Unanionaje wewe?"

Alicheka, naye akacheka, halafu hakuna aliyetaka kukata kwanza. Simu ilipokatika, Mama Grafu alibaki katikati ya viti vitupu. Hakuwa na haraka ya kuvirudisha ukutani.